Fomu ya jarida letu itwambie namba zetu zinakwenda wapi

Wanachuo wenzangu, ukitaka kutumiwa jarida hili kwa simu unajaza fomu: jina, namba ya usajili, kozi, namba ya simu, barua pepe. Unabonyeza "Tuma", imeisha hiyo. Hakuna mahali panapokwambia namba yako inakaa kwa nani, wala uongozi ukibadilika nani anairithi.

Utasema, kwani namba ya simu ni siri? Sawa, si siri. Lakini zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" kila mmoja wetu anazijua, na bumu likikaribia zinazidi kuuma. Orodha yenye jina, kozi na namba ya mtu ni mali kwa tapeli.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa amjulishe mwenyewe lengo lake na nani atazipokea. Tena kabla ya kuzichukua, siyo mpaka uulize. Kenya wana sheria yao tangu 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za kwao kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sisi wa ualimu tulisikie hilo.

Kuirekebisha fomu ni kazi ya dakika chache: weka linki ya sera ya faragha juu ya kitufe cha kutuma, na kisanduku cha kukubali ambacho mtu anatiki mwenyewe.

Ila linki peke yake haitoshi. Mimi kwetu ni Maposeni, Songea. Likizo najaza fomu kwa bando la kuungaunga. PDF ya kurasa kumi, Kiingereza cha wanasheria, siifungui, na wewe wa mjini huifungui pia, tusidanganyane. Kwa hiyo yale ya msingi yakae kwenye fomu yenyewe: "Namba yako ni ya kukutumia jarida tu. Anaiona mhariri peke yake. Ukitaka kutoka, tuandikie, tutaifuta." Linki ibaki kwa anayetaka zaidi.

Halafu namba ya usajili ya nini? Kusoma jarida hakuna mtihani. Iondoeni.

Mwaka wa kwanza wakiripoti hujaza kila fomu wanayoletewa. Hii yetu iwe imebadilishwa kabla hawajafika.