Karafuu za Mwaka Mmoja, Masomo ya Miaka Mitatu

Wanachama wengi hutujia kutaka shauri juu ya kuwapeleka vijana wao Uingereza kusoma, na khasa baada ya mavuno mema. Jambo hili twalifurahia. Lakini hesabu tunazoonyeshwa ni za ada na nauli tu, tena za mwaka wa kwanza. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka; masomo ya shahada huko kwa kawaida ni miaka mitatu, na ada haingoji msimu.

Tena kuna malipo ya matibabu, ambayo tangu 2024 ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, nayo hulipwa yote kabla ya safari. Fedha za kujikimu nazo sharti zikae benki siku 28 mfululizo bila ya kushuka chini ya kiwango. Za kuazima kwa jirani asubuhi na kurudishwa jioni hazifai kitu. (Tumeliona likijaribiwa.)

Basi mzazi aondoe kwanza ujira wa wachumaji na gharama za palilio, ndipo atazame kilichobaki. Kikitosha mwaka mmoja tu, kijana na asubiri mavuno mengine. Kukodisha mikarafuu, karafuu zingali changa, ili kulipia mwaka wa pili, hilo sisi hatuliungi mkono.