Hakuna Mhindi wa Jumla

"Wahindi ni wamoja." Maneno haya utayasikia kijiweni, saluni na ofisini, na anayeyasema huwa hana shaka hata kidogo. Wahindi wanakopeshana wenyewe, wanaoana wenyewe, kila mmoja ana duka, na babu zao wote waliletwa na Mwingereza kujenga reli. Nimechoka kuyasikia. Karibu kila kipande cha imani hiyo ni uongo, na uongo huo umeshawahi kuwafukuza watu makwao.

Tuanze na chakula, maana hapo ubishi unakwisha upesi. Chukua familia nne za Upanga, Dar es Salaam, uzialike karamu moja, uone utakavyohangaika. Mjaini hali nyama, na akiishika dini yake sawasawa hali kiazi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Zile kachori za viazi ulizokaanga tangu asubuhi hazimhusu. Mgoa ni Mkatoliki. Kwake sikukuu inataka nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa siki na pilipili, na chupa iwepo mezani. Bohora, ambaye ni Mwislamu, anataka sinia moja kubwa lililoinuliwa juu ya kigoda, watu kama wanane walizunguke, kila mmoja aonje chumvi kwanza, kisha kitamu kije kabla ya nyama. Haya, umechinja mbuzi kwa bismillahi ili Waislamu wale kwa amani. Kalasinga aliyekula kiapo cha dini yake amekatazwa nyama iliyochinjwa kwa namna hiyo hiyo. Mbuzi mmoja, na hana namna ya kuwalisha Bohora na Kalasinga kwa pamoja! Waandalizi wa harusi mjini wanayajua haya yote kwa moyo, na wanaweka masufuria mbalimbali bila kuulizwa. Sisi tulioishi nao mtaa mmoja tangu utotoni ndio tunaoendelea kusema ni wamoja.

Utaniambia basi angalau Waislamu wao ni kitu kimoja. Njoo katikati ya mji wakati wa Ramadhani. Bohora wana kalenda ya hesabu, hawangoji mwezi uonekane, kwa hiyo mara nyingi wao wanakula Idi wakati jirani zao Ithnaasheri bado wamefunga na wanatazama angani. Ismailia wana jamatkhana yao. Na hawa wawili wa mwisho, Ismailia na Ithnaasheri, wengi wao ni ndugu wa damu, Makhoja waliotoka Kutch na Kathiawar wakizungumza lugha ileile. Mwaka 1866 mahakama kuu ya Bombay iliamua kesi ya nani mwenye mamlaka juu ya jamaa hiyo. Aga Khan, kiongozi wa Ismailia, akashinda, lakini ugomvi haukuisha. Ulivuka bahari hadi Unguja, familia zikapasuka katikati, na waliokataa uongozi wake wakajijengea misikiti yao. Kama umoja wa asili ungekuwepo, ungeanzia hapo.

Wahindu nao? Wapo Walohana, Wabhatia, Wapatel, wafua dhahabu, washona viatu, vinyozi na madobi, na kila kundi lilikuja na jumuiya yake. Hata Wapatel wa Charotar, huko Gujarat, walikuwa na mizunguko ya vijiji ya kuoana. Kijiji chako kikiwa nje ya mzunguko, hupewi binti, hata kama jina la ukoo ni lilelile.

Lakini mimi wanaonifurahisha kuliko wote ni Wagoa wa Nairobi. Goa ilikuwa koloni la Mreno mpaka Desemba 1961, kwa hiyo serikali ya kikoloni ya Kenya ilipohesabu watu, Mgoa aliwekwa safu yake, mbali na Mhindi. Ungedhani jamii ndogo kama hiyo, ya dini moja na lugha moja, ingekaa ukumbi mmoja. Wapi! Makarani walikuwa na klabu yao, wakubwa zaidi wakawa na yao, na mafundi cherehani, ambao ndio waliowashonea suti wote hao, wakalazimika kuunda chama chao kwa kuwa milango ya kule haikufunguliwa kwa fundi. Watu waliosali kanisa moja Jumapili asubuhi walitawanyika jioni kwenda kucheza dansi kila mtu na daraja lake.

Hadithi ya reli nayo inahitaji kukomeshwa. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wengi wao kutoka Punjab, na sehemu kubwa ya waliosalimika walirudi kwao. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa Unguja miaka mingi kabla ya hapo. Jairam Shivji, Mbhatia, alikodishwa forodha ya Sultani. Baadaye Tharia Topan, Mkhoja, naye akaishika. Hao hawakuletwa na reli ya mtu. Walikuja kwa jahazi na pepo za kaskazi, kama Waarabu walivyokuja.

Na huo mshikamano wa matajiri? Mwaka 1937 wafanyakazi wa Kiasia waligoma Nairobi kudai mishahara, chini ya chama kilichoongozwa na Makhan Singh, Kalasinga, na waajiri wengi waliobanwa walikuwa Waasia wenzao. Mwaka 1950 Makhan Singh alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani. Mwingereza akamweka kizuizini hadi 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa, aliuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, na wengi wanaamini ni kwa sababu ya siasa zake za kutetea wanyonge. Tanzania, Amir Jamal alikaa miaka mingi kwenye uwaziri wa fedha katika serikali ya Ujamaa. Ukimweka Jamal na mwenye nyumba wa ghorofa aliyetaifishiwa jengo lake mwaka 1971 katika fungu moja, huelewi historia ya nchi yako.

Sikatai kwamba ubaguzi upo. Wapo Waasia waliomtazama Mwafrika kwa dharau na wanaomtazama hivyo hadi leo. Mfanyakazi wa ndani anayekula kwenye sahani yake ya pekee anaijua hali hiyo, na haifai kufichwa kwa jina la ujirani mwema. Tabia hiyo, hata hivyo, ina wenyewe, na kuisambaza kwa watu wote wenye nywele laini ni kumwachia mkosaji ajifiche katikati ya umati. Idi Amin alifanya hivyo Uganda, Agosti 1972. Tajiri wa viwanda, karani Mgoa, fundi Kalasinga na mwalimu wa shule wote walipewa siku 90 za kuondoka nchini kwa kosa moja, la kuwa Waasia. Hata wema unaweza kuteleza hapo: Kenya ilipowatambua Waasia kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017, heshima ilistahili, lakini kabila hilo lina watu ambao babu zao wasingekubali kuoana wala kula pamoja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipunjwa dukani, mtaje aliyekupunja kwa jina lake na uende kumshitaki. Mfanyakazi akinyimwa mshahara, mwajiri yule ndiye wa kufikishwa kwa ofisa wa kazi. Jirani yake wa ghorofa ya juu, ambaye huenda hali hata chakula chake, hana deni na wewe.