Nilitaka Barafu, Nikapewa Mkondo wa Nungwi

Mwezi huu nawaandikia nikiwa barazani kwa mama mkwe wangu, Wete, Pemba. Nimejifunga kanga mbili, na juu yake nimevaa koti la mtumba lenye manyoya kofiani. Koti hili lilikuwa na kazi nyingine kabisa. Nililinunua mwaka jana kwa ajili ya Norwe. Ndiyo, Norwe! Msicheke, naeleza.

Si mnajua tena mambo haya yanavyoanza. Marafiki zetu, mke na mume wanaoishi Uingereza, walikuja likizo Dar wakatuonyesha picha za safari yao ya meli ya kitalii kule kaskazini mwa dunia. Milima imetumbukia baharini, maji yanaporomoka kutoka mawinguni, usiku anga linacheza rangi ya kijani kama kitenge kilichoanikwa kwenye upepo. Na wenyewe wawili wamesimama nje ya meli, blanketi moja, vikombe viwili vya chai, wanatetemeka huku wanacheka. Nikamgeukia baba watoto wangu. Alikuwa anachezea simu.

Basi nikaanza kuchimba. Safari maarufu kuliko zote za aina hiyo ni ile ya pwani ya Norwe, Hurtigruten, kutoka Bergen hadi Kirkenes, jirani kabisa na mpaka wa Urusi. Bandari 34, na kwenda na kurudi ni kama siku 12. Kilichonifurahisha ni kwamba haikuanza kama starehe. Ilianza mwaka 1893 kama meli ya barua, mizigo na abiria, maana miji midogo ya kule haikuwa na njia nyingine ya uhakika, hasa majira ya giza na dhoruba. Mpaka leo mtalii aliyelipa fedha nyingi anapanda meli moja na mtu wa kawaida anayeshuka bandari ya pili kwenda kwao, na chini imepakiwa shehena. Sasa hiyo ina tofauti gani na meli ya Mkoani? Labda magodoro tu.

Nilijiuliza sana kwa nini watu waliozaliwa kwenye baridi walipe ili wapelekwe kwenye baridi zaidi. Jibu langu ni hili, na mnaweza kubisha. Ufukwe wa joto hauhitaji watu wawili. Kila mtu ana kiti chake, miwani yake, simu yake. Baridi inataka mtu wa pili. Halafu ukiwa melini huna pa kukimbilia, hakuna ile "natoka mara moja, nakuja". Mmezungukwa na maji na milima ambayo haijali kama umepandishwa cheo. Mnabaki kutazamana.

Baba watoto akasema hapana. Nikadhani ni pesa, na kweli pesa peke yake ingetosha kuwa hapana, ukiongeza na mlolongo wa viza ya Schengen. Lakini alisema kitu kimoja tu: "Mimi sipandi meli." Mpemba! Mtu aliyezaliwa mita chache kutoka baharini! Miaka tisa ya ndoa yetu, kila Idi tunakwenda kwao kwa ndege ndogo. Mimi nikawa namtania mbele ya watu kwamba tangu aanze kulipwa mshahara mzuri ameona meli si hadhi yake. Naye anacheka kidogo, mambo yanaishia hapo.

Mwaka huu mwezi wa nane mdogo wake akaoa. Ndege zilikuwa zimejaa, harusi haisubiri. Ikabaki meli ya usiku kutoka Unguja. Alikaa kimya siku mbili, halafu akasema, "Haya, twende."

Hapa niseme kitu kwa watu wa bara wenzangu. Sisi tukisikia "kaskazini" ya Ulaya tunafikiria theluji. Lakini ndani ya neno hilo upo upepo wa kaskazi, na kaskazi ya pwani yetu ndiyo inayokuja na joto, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Baridi yetu inaletwa na kusi, na kilele chake ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Wanaokwambia Zanzibar hakuna baridi hawajakaa juu ya meli saa saba usiku mwezi wa nane. Na kusi ndiyo inayochafua bahari. Kwa hiyo kama mnataka safari laini ya mahaba, nendeni kusi ikishatulia, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mkifika bandarini mkaona chombo kimejaa kupita kiasi, rudini nyumbani. Nauli isiwaume.

Chetu hakikujaa. Tulipewa maboya ya kuvaa kwa kuonyeshwa yalipo, tukatafuta nafasi juu, nje. Koti langu la Norwe likapata kazi. Mpaka hapo nilikuwa najiona mtalii kabisa, napiga picha.

Tulipoziacha taa za Nungwi nyuma, meli ikaanza kuinuka na kushuka. Kati ya ncha ya Unguja na Pemba mkondo una nguvu zake, na upande wa magharibi wa Pemba bahari ni kina kirefu mno, mamia ya mita, ndiyo maana maji yake mchana ni bluu iliyokolea. Usiku huoni bluu yoyote. Unasikia tu. Mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu yetu akanipa kipande cha ndimu. "Nusa hii mwanangu, na usitazame chini. Tazama mbali." Mbali kulikuwa na giza, nikalitazama hilo hilo.

Mara nikahisi mkono wa mume wangu umenishika kifundo cha mkono, si kiganja, kifundo, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Akasema, "Ilikuwa sehemu hizi."

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Walikufa mamia. Haikupita mwaka, Julai 18, 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar, bahari ya kusi vilevile. Skagit ilikuwa boti iliyonunuliwa Marekani, kule kaskazini magharibi jirani na Kanada. Watu wa huko waliipanda kwenda kazini asubuhi.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Kila Mtanzania anayajua. Nisichokijua ni kwamba mume wangu alikuwa bandarini jioni ile ya 2011. Alimsindikiza rafiki yake, mtu aliyesoma naye sekondari, akambebea begi hadi ndani ya meli, akamtafutia pa kukaa, akashuka. "Nilimchagulia mimi ile nafasi," akasema. Basi. Hakulia, hakusema zaidi. Meli ikapanda, ikashuka.

Wapenzi wasomaji, mimi ndiye ninayejaza ukurasa huu kila mwezi nikiwaambia muulizane, mzungumze, msiweke mambo moyoni. Miaka tisa nimemtania mtu kuhusu meli. Mpemba wa rika lake! Sikuwahi kufikiria hata siku moja kumuuliza alipoteza nani.

Tukajifunika koti lile wote wawili, halitoshi, kila mtu bega moja nje. Hatukulala. Asubuhi tukaiona Mkoani, nyumba zimepanda kilimani, minazi na mikarafuu nyuma yake, kila kitu kijani. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki cha kijani, na ukikijia kwa bahari alfajiri unaelewa. Kwa ndege nilikuwa nakiona dakika tano tu, tena huku natafuta mkanda.

Mama mkwe alitupokea na mihogo ya nazi na papa. "Mmekuja kwa chombo?" akauliza, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Nahisi yeye alijua siku zote. Kwa kubadilisha mazungumzo nikamwambia habari za Norwe, kwamba kule juu kabisa kuna wiki nyingi za kiangazi jua halizami. Akaweka kikombe chini. "Jua halizami? Sasa magharibi wanasali saa ngapi?" Nikamwambia wapo Waislamu wa mji wa Tromsø wanaofuata saa za Makka. Akafikiri. "Mbali kote huko kutafuta tabu," akasema, akaniongeza papa.

Baada ya harusi tukajipa siku mbili zetu. Tulikwenda kaskazini ya Pemba, msitu wa Ngezi, wenye popo wakubwa wa Pemba na mpapindi, jamaa wa mnazi ambao asili yake ni kisiwa hiki tu. Ukitoka msituni unaangukia Vumawimbi, na jina lenyewe linakueleza. Mbele zaidi ni Ras Kigomasha na mnara wake wa taa wa chuma, wa mwaka 1900. Tuliupanda, upepo unapiga chuma chote kinalia. Nilitaka kumwona nyangumi. Miezi hii nyangumi wa nundu wanatoka kwenye barafu ya kusini mwa dunia kuja kuzaa kwenye maji ya joto ya pwani yetu. Yaani wenye baridi yao wanakuja kwetu, mimi nahangaika na viza! Hatukumwona hata mmoja. Tuliona pomboo wanne, au mmoja aliyeibuka mara nne, tulibishana mpaka jua likazama.

Tuliporudi Wete alinipeleka kwa mama wa yule rafiki yake. Ni nyumba ambayo nimeipita kila Idi. Kumbe mume wangu huwa anakwenda pale peke yake, akiniaga kwamba anakwenda msikitini. Mama yule alinishika uso kwa mikono yote miwili akasema, "Ndiye huyu mkeo?"

Jana jioni baba watoto alitoka kwenda kukata tiketi za kurudi. Sikumwambia akate za nini. Amerudi amechelewa, ameziweka mezani chini ya sahani ya halua, akaingia kuoga. Nimezichungulia. Mkoani, watu wawili, meli.

Norwe nayo bado ipo. Koti ninalo.