Kitara cha Japani na Panga la Mashimoni

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Methali hii hutumiwa kukisifu kilichostahili sifa. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo mambo hugeuka: pete ndiyo humfanya mtazamaji aamini kuwa chanda ni chema, na chanda kisicho na pete hudharauliwa kabla ya kutazamwa. Hali hii hujitokeza waziwazi vinapolinganishwa vyuma viwili wanavyovifahamu vijana wa Mashimoni, katika eneo la Kibera jijini Nairobi: upanga wa Kijapani uitwao katana, na panga la fundi wa jua kali.

Kwa msomaji wa Pwani ya Kenya, Katana ni jina la mwanamume wa Kimijikenda. Kijana wa Mashimoni hulijua neno hilo kwa maana nyingine, aliyoipata katika vibanda vya video. Humo samurai huuchomoa upanga wake taratibu, na ukumbi mzima hunyamaza. Kiswahili nacho hakikosi jina la silaha hiyo. Kamusi za kale zinataja upanga wa feleji, mrefu ulionyooka na wenye makali pande mbili. Upanga wa imani, ulio mfupi. Na kitara, yaani upanga uliopinda. Katana, basi, ni kitara.

Siku hizi vitara vya namna hiyo hutengenezwa viwandani kwa wingi, na wauzaji huvinadi kuwa ni vya kazi, yaani vina makali ya kweli wala si pambo la ukutani. Chuma chake ni cha kaboni. Kwenye kikingio cha mkono au kwenye ala hutiwa nembo ya ukoo, ambayo Wajapani huiita kamon: ua, jani au umbo jingine, aghalabu ndani ya duara. Zamani nembo hizo zilitambulisha koo kwenye mavazi, bendera na vyombo vyao. Leo mnunuzi aliye mbali na Japani hulipia nembo ya ukoo usiomjua, akaitundika sebuleni kwa fahari.

Na atazamwe sasa mhunzi wa jua kali. Malighafi yake ni springi kuukuu ya gari. Chuma hicho kwa kawaida huwa na kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6, na vitara vingi vya kiwandani hutengenezwa kwa chuma chenye kiasi kisichotofautiana sana na hicho. Mhunzi hukitia kwenye makaa, akavuta mivukuto hadi kiwe chekundu, akakilaza juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ni kipande cha reli, akakifua kwa nyundo. Kisha hukitia matiko. Hapo ndipo pagumu. Chuma kikiwa kigumu mno huvunjika. Kikiwa laini mno hupinda na makali hayadumu. Mhunzi wa Japani alilitatua tatizo hili kwa kuupaka udongo mgongo wa kitara kabla ya kukizamisha majini, ili makali yapoe upesi na kuwa magumu, nao mgongo upoe polepole na kubaki na unyumbufu. Mhunzi wa jua kali hukabiliana na tatizo lilo hilo, kwa jicho lake na kwa rangi ya moto. Elimu ya mikono yao ni jamaa moja, lakini mmoja huitwa msanii na mwingine hajulikani hata jina.

Lugha imechangia dhuluma hii. Upanga uko katika ngeli ya U-ZI, panga katika ngeli ya LI-YA; mzizi ni mmoja. Lakini katika matumizi, upanga umekabidhiwa mashujaa wa tenzi na vitabu vitakatifu, nalo panga likaachiwa vibarua na wahalifu. Magazetini panga huonekana katika fungu moja lililozoeleka: genge la vijana waliojihami kwa mapanga. Ajabu ni kwamba kujihami maana yake ni kujikinga, ilhali wanaotajwa hapo ndio washambulizi. Kwa upande mwingine, panga linalofyeka shamba, linalokata miwa na kupasua kuni halina habari. Hata katika nembo ya taifa la Kenya simba wameshika mikuki na jogoo ameshika shoka. Panga halimo.

Wapo watakaopinga kwamba panga limejitafutia sifa hiyo lenyewe. Watakumbusha ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na jinsi Kibera ilivyokuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Pingamizi hili ni zito, na haifai kulipuuza. Watu walikatwa kwa mapanga, na walioachwa na makovu wangali miongoni mwetu. Hata hivyo, Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilitaja vifo 1,133, na ikaeleza kuwa sababu moja iliyoongoza ni risasi, zilizowaua watu 405. Panga halikuwa na hatia peke yake, lakini ndilo lililobaki katika taswira ya mnyonge mkatili. Aidha, kitara cha samurai nacho kiliua, na kiliundwa mahususi kwa kuua watu. Kama damu ingekuwa ndiyo kigezo, kitara kingestahili lawama zaidi kuliko panga, ambalo lilizaliwa liwe chombo cha kazi.

Je, inafaa basi mhunzi wa Mashimoni naye achore ua ndani ya duara kwenye panga lake? La hasha. Huko ni kuvaa pete ya kuazima. Nembo ya ukoo ni alama ya mwenye kukimiliki kitara, tena aliyekuwa na cheo. Lipo jambo jingine la Kijapani lenye faida kubwa zaidi, nalo halionekani kwenye filamu. Wahunzi wengi wa Japani walichonga majina yao kwenye shina la kitara, sehemu inayofichwa ndani ya mpini. Atakayetaka kumjua aliyekifua hana budi kuutoa mpini. Jina hilo halikukusudiwa kumpendeza mpita njia. Lilikuwa dhamana: chuma hiki kikivunjika, aliyekifua anajulikana.

Hili ndilo linalokosekana kwetu. Kwa miaka mingi majembe na mapanga yaliyotoka Uingereza yaliuzwa katika sehemu nyingi za Afrika yakiwa na chapa ya mamba, na mkulima asiyejua kusoma aliweza kuitambua chapa hiyo na kuiamini. Chombo cha mhunzi wa nyumbani mara nyingi hakina alama. Mnunuzi humwomba apunguze bei kwa kuwa eti ni kitu cha jua kali tu, na mhunzi hupunguza kwa kuwa hana cha kumtetea. Mfinyanzi hulia gaeni.

Historia ya Japani ina funzo jingine. Mwaka 1876 serikali ya huko iliwapiga watu wengi marufuku kutembea na panga viunoni. Soko la wahunzi likaporomoka. Katika mji wa Seki, uliosifika kwa wahunzi wake, kazi iligeukia visu na vyombo vya nyumbani, na hadi leo mji huo unasifika kwa visu vya jikoni. Silaha ilikoma, lakini ustadi haukutupwa wala jina la fundi halikufutwa. Nchini Kenya hutokea kinyume: kila ghasia zinapozuka panga hulaaniwa, na laana hiyo humwangukia pia mhunzi ambaye hakumkata mtu.

Maoni ya makala haya ni kwamba mhunzi wa Mashimoni apige jina lake, au alama yake, kwenye kila chombo anachokifua. Alama haitamzuia mwenye nia mbaya. Chuma hakina dhamiri. Lakini itamfanya fundi awajibikie matiko yake, na itamwezesha mteja kurudi kwake.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Wengi wanaweza kuhakiki taswira ya upanga katika utenzi, ila wakiulizwa fuawe ni nini, mivukuto ni nini, au kutia matiko ni kufanya nini, hukimbilia Kiingereza. Maneno hayo yamo katika kamusi, na kazi yenyewe ingali inafanywa kwa nyundo kila asubuhi mwendo mfupi kutoka madarasani. Chama kikitembelea karakana hizo na kuyaandika maneno ya wahunzi pamoja na majina yao, kitakuwa kimeanza kumpa mhunzi sifa inayomstahili. Chanda hiki ni chema. Kinachosubiriwa ni pete, na pete hiyo ni jina lake mwenyewe.