Maudhi ya dawa yatajwe kabla ya kumeza

Mzazi wa Bariadi ana haki ya kuambiwa mapema kwamba dawa ya kichocho huweza kumletea mtoto kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo. Mwaka 2008 Morogoro ilionja gharama ya maelezo haba: watoto waliumwa baada ya kumeza prazikwanteli, dawa hiyo ya kichocho, shuleni, uvumi wa sumu ukaenea, wazazi wakafanya fujo, ugawaji ukasitishwa. Na dawa yenyewe ni nzuri. Kwetu Simiyu, ambako kichocho bado kinasumbua watoto, hata uji kabla ya dozi una maana, kwani tumbo tupu huzidisha maudhi.

Wapo watakaosema ukitaja maudhi, watu wataikimbia dawa. Wachache, huenda. Lakini anayeshtukizwa hukimbia pia, tena na majirani zake. Klorokwini ya malaria iliwasha watu mwili mzima, na baadhi wakaacha dozi kimyakimya. Wengine watadai si kila homa inayofuata kidonge imeletwa na kidonge. Kweli kabisa, na ndiyo maana taarifa za maudhi zipelekwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), inayozipokea hata kutoka kwa wananchi, wataalamu wazichambue badala ya mambo kuamuliwa kijiweni. Dirisha la dawa litenge dakika moja ya kutaja maudhi, hata foleni ikiwa ndefu.