Hati Safi Haizuii Ukuta Kuanguka

Ijumaa ya Machi 10, 1933, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili jioni, ardhi ilitetemeka mjini Long Beach katika jimbo la California, Marekani. Watu wapatao 120 walipoteza maisha. Shule zipatazo 70 ziliharibiwa kabisa na nyingine nyingi zikapata hasara kubwa. Lau tetemeko hilo lingekuja saa chache mapema, wanafunzi wangali madarasani, msiba wake usingesimulika. Mwezi mmoja tu baadaye, Aprili 10, wabunge wa jimbo hilo walipitisha Sheria ya Field, iliyoitwa kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha. Sheria hiyo inatawala ujenzi wa shule za umma huko hadi leo.

Sheria ya Field inadai mambo ambayo mwalimu yeyote mwenye kujali angeyadai. Michoro ya jengo sharti ipitiwe na ofisi ya serikali ya jimbo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mkaguzi sharti awepo wakati ujenzi unaendelea. Kazi ikiisha, msanifu, mhandisi, mkaguzi na mkandarasi, kila mmoja kwa nafsi yake, sharti atie sahihi taarifa kwamba kilichojengwa ndicho kilichoidhinishwa, akijua kuwa kusema uongo ndani ya taarifa hiyo ni kosa la jinai.

Huenda msomaji akauliza: mwanaisimu ana nini na saruji na vyuma? Jibu langu ni kuwa ukaguzi, kabla ya kuwa kazi ya hesabu, ni kazi ya maneno. Mtu huandika sentensi moja, na kwa sentensi hiyo fedha za umma hutoka, jengo hufunguliwa, na watoto huingizwa ndani. Tunapoambiwa kuwa mradi "umezingatia masharti", je, tumeambiwa nini hasa? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari.

Tuanze na neno ruzuku. Asili yake ni mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia riziki. Katika matumizi yetu ya jadi, Mungu ndiye anayewaruzuku waja wake, na riziki ya Mungu haiandikiwi stakabadhi. Nachelea kuwa harufu ya maana hiyo bado imo katika neno, ndiyo maana wengi wetu hupokea ruzuku ya serikali kama neema isiyoulizwa. Lakini serikali si Mungu. Ruzuku yake ni jasho la mlipa kodi, na mlipa kodi ana haki ya kujua jasho lake limekwenda wapi.

Wamarekani walilitambua hilo mapema. Mwaka wa 1977 walitunga sheria ya kitaifa ya kupunguza hatari za matetemeko ya ardhi. Mwaka wa 1984 wakatunga nyingine inayolazimisha kila jimbo, mji au shirika linalotumia ruzuku ya serikali kuu kupita kiwango fulani kukaguliwa kila mwaka. Kiwango hicho sasa ni dola milioni moja. Katika ruzuku nyingi za kujikinga na maafa, serikali kuu hutoa asilimia 75 ya gharama na mpokeaji hutoa 25. Basi mkaguzi huuliza: Je, mpokeaji alitoa sehemu yake? Fedha zilitumika kwa kazi iliyoruhusiwa? Zabuni ilitangazwa? Taarifa ziliwasilishwa kwa wakati?

Maswali hayo ni ya haki na ni ya lazima. Wahenga walituusia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, tazama kwa makini: mpokeaji anaweza kuyajibu yote vizuri bila mtu yeyote kuuliza kama ukuta utasimama.

California yenyewe inatupa mfano. Mnamo Novemba 2006, wapiga kura wa jimbo hilo waliidhinisha mkopo mkubwa wa ujenzi wa shule, na ndani yake zikatengwa dola milioni 199.5 za kuimarisha majengo ya shule yaliyo katika hatari ya tetemeko. Masharti ya kuzipata yalikuwa makali mno hivi kwamba, miaka mitano baadaye, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa haijaguswa. Kinaya ni kuwa mkaguzi wa masharti angeufungua mfuko huo na asione kosa. Hakuna senti iliyoibwa wala kanuni iliyovunjwa. Na hakuna ukuta ulioimarishwa kwa senti iliyobaki mfukoni.

Mwishoni mwa 2011, mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo hilo alitoa ripoti kuhusu utekelezaji wa Sheria ya Field. Alibaini kuwa miradi ya shule zaidi ya 16,000 haikuwa imepata cheti cha mwisho, na kwamba ofisi iliyohusika haikutumia mamlaka yake ipasavyo kuifuatilia. Mkaguzi huyo alikuwa mwangalifu wa maneno, nami namsifu kwa hilo. Hakusema kuwa majengo hayo ni mabovu. Alisema kuwa kukosa cheti si ushahidi wa ubovu, bali ni ushahidi kwamba serikali haijathibitisha uzima. Yaani kuna mambo matatu, wala si mawili: jengo lililojulikana kuwa imara, jengo lililojulikana kuwa bovu, na jengo lisilojulikana. Watoto wengi walikuwa wakisomea katika hilo la tatu.

Upo pia upande wa pili wa shilingi. Septemba 19, 2017, tetemeko la kipimo cha 7.1 liliikumba Mexico. Katika jiji kuu la nchi hiyo, jengo la shule moja ya kibinafsi liliporomoka na kuua watu 26, wakiwemo watoto 19. Juu ya jengo hilo kulikuwa kumeongezwa makao ya kuishi. Shule hiyo haikuwa ya ruzuku, lakini funzo lake ni lilelile: karatasi zilikuwapo. Mhandisi aliyeidhinisha jengo hilo kwa sahihi yake alitiwa hatiani na mahakama baadaye. California kulikuwa na majengo yasiyo na karatasi, ambayo huenda yalikuwa mazima. Mexico kulikuwa na karatasi nzima juu ya jengo bovu.

Ndugu zetu wa Tanzania wana msemo mzuri katika fani hii: taasisi ikikaguliwa na kuonekana haina dosari, husemwa imepata "hati safi". Sarufi ya msemo huo ina uaminifu wake. Kinachosifiwa kuwa safi ni hati. Anayetaka kujua kama kazi nayo ni safi hana budi kuuliza zaidi.

Kwa nini nasisitiza jambo hili katika matetemeko kuliko mengineyo? Barabara ikijengwa vibaya, mvua ya kwanza huifichua. Dawa zikikosekana hospitalini, mgonjwa husema. Lakini darasa lililoimarishwa dhidi ya tetemeko na darasa ambalo fedha zake zililiwa hufanana machoni. Vyuma vimefunikwa na saruji, saruji imefunikwa na rangi. Huenda ikapita miaka hamsini kabla ya ardhi kuuliza swali lake, na siku hiyo jibu hutolewa na watoto. Kwa hiyo ushahidi pekee tulio nao kabla ya siku hiyo ni neno la mtu aliyeviona vyuma kabla havijafunikwa. Neno hilo likiwa la uongo, au lisipoandikwa kabisa, hakuna daftari litakaloweza kulirudisha.

Mkenya asiseme kuwa haya ni ya ng'ambo. Januari 6, 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia, na Bonde la Ufa halijahama. Tena Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali athibitishe kama fedha za umma zimetumiwa kihalali na kwa njia yenye manufaa. Maneno ni mawili, nayo yameunganishwa kwa "na", si kwa "au". Kiunganishi hicho ni kifupi, lakini kina uzito wa sheria. Uhalali peke yake ni nusu ya kazi.

Najua kuna watakaopinga. Watasema kuwa shule zetu ni maskini, na kwamba kuongeza maswali ni kuongeza ucheleweshaji. Hoja hiyo ina mashiko, na zile dola milioni 199.5 zilizokwama ni shahidi wake. Ila sipendekezi maswali mengi zaidi. Napendekeza machache yaliyo sahihi. Kwanza, kila ruzuku ya ujenzi wa shule iwe na sharti kwamba mtaalamu asiyemtegemea mkandarasi avikague vyuma na msingi kabla havijafunikwa, na aandike alichokiona. Pili, mradi usiohitimishwa usiachwe kimya. Orodha yake ibandikwe mahali ambapo mzazi ataiona. Tatu, ripoti ya ukaguzi iandikwe pia kwa Kiswahili ambacho mwanachama wa halmashauri ya shule ataweza kukisoma na kukihoji. Ripoti isiyoeleweka na wenye watoto haijamkagua mtu.

Nanyi walimu wenzangu, mnalo fungu lenu. Kila mwaka tunatafuta vifungu vya ufahamu vya kuwapa wanafunzi. Chukueni ukurasa mmoja wa ripoti ya ukaguzi, muwaulize: Nani amesema? Ameona nini kwa macho yake? Nini hakikusemwa? Kijana atakayejifunza kutofautisha "hatukuona kosa" na "tumeona kuwa ni salama" atakuwa mhandisi bora, mhasibu bora, na raia asiyedanganyika kwa urahisi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndivyo walivyotufunza wazee. Katika zama zetu, fedha za kuziba ufa hutolewa, na hati ya kusema kuwa umezibwa huandikwa. Lililobaki ni mtu mmoja kwenda pale ukutani, kuutazama ufa wenyewe, na kusema kweli.