Sarafu Moja Haiji kwa Saini

Katika karne ya 19, soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake: shanga zilizoitwa sofi. Samaki, chumvi na mawese vilinunuliwa kwa shanga hizo, na wauzaji waliovuka Ziwa Tanganyika walizipokea.

Leo mfanyabiashara wa Kigoma anayepeleka bidhaa Bujumbura, Uvira au Kalemie hukutana na shilingi, faranga ya Burundi na faranga ya Kongo. Nchi hizo tatu zimo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, Kongo ikiwa imejiunga mwaka 2022. Hata hivyo, upande wa Kongo bei kubwa hutajwa kwa dola ya Marekani. Kila fedha inapobadilishwa, sehemu ya jasho la mwananchi hubaki kwa mbadilishaji.

Wako wanaodai kwamba sarafu moja itazinyang'anya nchi hizi uhuru wao. Na wajibu swali moja: hiyo dola inayotamba ziwani ni ya nani? Ni uhuru gani huo wa kumwogopa ndugu na kumtumikia mgeni?

Lakini wenye pupa nao wamepotoka. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa fedha ya mkoloni. Haikutokana na hiari ya wananchi, na mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa fedha zao. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na sasa unatajwa 2031. Kilichokosekana si mikutano, bali nidhamu. Masharti yanajulikana: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Mwaka 2010 madeni ya Ugiriki yaliwatikisa wenzake wote wanaotumia yuro. Asiyejibana hakabidhiwi mfuko wa wote.

Hata hivyo, kazi isingoje 2031. Hapana budi benki kuu ziimarishe mfumo wa malipo wa Jumuiya, ili mnunuzi wa Kalemie alipe kwa faranga na muuzaji wa Kigoma apokee shilingi, bila dola kukaa katikati. Mtumishi wa umma alinde kila senti ya bajeti. Mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba sarafu ni kazi ya wananchi, si karatasi tu. Saini hazitoshi. Sarafu moja ni mavuno, na shamba bado halijapaliliwa.